Mgonjwa Aelezwe Dawa Yake

Sisi tulioumwa malaria enzi za klorokwini hatujasahau. Homa ilishuka, lakini mwili uliwasha usiku kucha kama uliomwagiwa upupu. Wapo waliotupa vidonge vilivyobaki, na homa ikawarudia.

Tanzania Bara iliacha kuitegemea klorokwini mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Hata hivyo, desturi ya kumkabidhi mgonjwa vidonge bila maelezo ingali nasi.

Chukua mfano wa kifua kikuu, ambacho tiba yake ya kawaida ni miezi 6. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa mwekundu. Hilo halina hatari. Lakini asiyeambiwa hudhani ni damu, akaacha dawa, na vijidudu vikawa sugu. Kinyume chake, macho yakiwa manjano huenda ini linadhurika, naye yampasa kurudi kwa mganga siku hiyo hiyo. Atatofautishaje mawili hayo asipofundishwa?

Twawasihi watoa dawa wasiharakishe foleni dirishani. Nao wagonjwa waulize bila haya. Dawa isiyoelezwa ni nusu ya tiba.