Nani Kawaambia Mabano ni ya Kuruka?

Najua nimepotea, mambo ya timed test mnayajua wenyewe. Leo sina habari za boom wala za foleni ya kantini. Leo nina ugomvi, tena na watu wengi kwa mpigo: nyie wote mnaosoma tamthiliya kwa kuruka maneno ya kwenye mabano.

Kuna desa linazunguka hapa chuoni, mnalijua. Limepita kwenye makundi ya WhatsApp, limetua steshenari, sasa hivi kona zimejikunja kama kitabu cha maktaba. Aliyeliandaa kafanya kazi, sikatai. Kaweka muhtasari, dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika na sifa zao kwa namba. Halafu akaona atupunguzie mzigo. Yale maelekezo ya jukwaani, ya herufi za mlazo, ambapo mtunzi anasema fulani anainuka, fulani ananyamaza, mlango unafungwa, kayafyeka yote. Mazungumzo kayaacha. Na watu mnashangilia, eti kurasa zimepungua na kopi imekuwa bei rahisi!

Jamani, hiyo ni sawa na mtu akuuzie redio halafu akwambie betri nimetoa ili iwe nyepesi.

Hebu twende taratibu. Kila mmoja wetu tangu sekondari anajua kuandika kwamba taharuki ni hali ya kumfanya msomaji atake kujua kitakachofuata. Unapata maksi zako, unasonga. Lakini nikiuliza mtunzi anaipikaje hiyo taharuki, naambiwa "kwa kutumia matukio ya kusisimua". Hapo ndipo ninapokataa. Mwandishi wa riwaya anaweza kuingia kichwani mwa mhusika akatuambia kwamba anaogopa. Mtunzi wa tamthiliya hana njia hiyo. Ana vitu viwili tu mkononi: maneno yanayotoka kinywani mwa mtu, na yanayofanyika pale jukwaani. Taharuki inazaliwa viwili hivyo vinapopishana, mdomo ukisema sijambo huku mkono unatetemeka. Sasa ukifuta mkono unabaki na mtu anayesema sijambo. Taharuki itoke wapi?

Chukueni A Doll's House ya Henrik Ibsen wa Norwe, iliyochezwa mara ya kwanza Copenhagen Desemba 1879. Majirani zetu Kenya wamewahi kuisoma sekondari kama kitabu teule, kwa hiyo si kitu cha mbali. Nora anaingia nyumbani na vifurushi vya Krismasi, anaimba chini chini. Anatoa mfukoni vibiskuti vya lozi, anakula, ananyata hadi mlango wa mumewe kusikiliza kama yupo. Kisha anaficha vibiskuti, anafuta mdomo, ndipo anamwita mume aje aone alivyonunua. Baadaye mume anamuuliza kama kala vitu vitamu leo, naye anakana bila kupepesa macho.

Soma mazungumzo peke yake: mke mchangamfu anataniana na mumewe. Soma na mabano: nyumba hii ina mke anayeficha hata biskuti, na mume anayetawala hadi kinachoingia mdomoni mwa mkewe. Bado hatujaambiwa kitu, lakini tumeshaanza kukaa vibaya kwenye kiti. Ndiyo maana tunapokuja kujua kwamba Nora alikopa hela kwa siri na kughushi saini ya baba yake ili aokoe maisha ya mume huyo huyo, tunaogopa pamoja naye. Tumekuwa mashahidi wa uongo wake tangu ule mdogo kabisa.

Halafu kuna sanduku la barua. Krogstad, aliyemkopesha, ameandika barua inayofichua kila kitu. Mabano yanasema barua inadondoka sandukuni, kisha hatua za mtu zinasikika zikishuka ngazi. Nora anaiona kwa kioo. Ufunguo anao mume. Basi! Kuanzia hapo watu wanaweza kuongea habari za sherehe, za divai, za nguo za kuvaa kesho, sisi macho yetu yako kwenye sanduku.

Mume akitaka kwenda kuangalia barua, Nora anapiga piano mwanzo wa tarantella, ngoma ya Kiitaliano anayotakiwa kuicheza kesho yake. Anasema hawezi kucheza bila kufanyiwa mazoezi. Anacheza kama mwendawazimu, nywele zinafumuka zinaanguka mabegani, wala hana habari. Maneno ni ya mazoezi, mwili unaomba uhai. Na desa letu linasemaje? "Nora anafanya mazoezi ya ngoma." Ndiyo, na aliyebebwa na mafuriko yuko anaoga.

Kuna mtu ataniambia mabano ni mapambo. Haya, sikilizeni kilichotokea Ujerumani mwaka 1880. Tamthiliya ile inaisha Nora anatoka, anaacha mume na watoto, na kinachosikika mwisho kabisa ni mlango wa chini ukifungwa. Mwigizaji mkubwa wa kule akagoma, eti yeye hawezi kuonekana mama anayetelekeza watoto. Ibsen, akihofia watu wengine wasije wakamharibia zaidi, akaandika mwenyewe mwisho mwingine: mume anamvuta Nora hadi mlango wa chumba walimolala watoto, Nora anaishiwa nguvu anaporomoka, pazia linashuka. Mwenyewe alikiri kwamba ni ukatili dhidi ya kazi yake. Wahusika ni wale wale, deni ni lile lile, ugomvi wa mke na mume karibu wote uko pale pale. Kimebadilika kitendo cha mwisho, na mwanamke aliyekuwa anaondoka amekuwa mwanamke aliyeshindwa. Kama mabano hayana pointi, Ibsen alikuwa analalamikia nini?

Nawasikia wale wa kiti cha nyuma: mbona Shakespeare hakuandika mabano mengi? Swali zuri, na jibu linawaumbua. Mwalimu Nyerere alitupa Mabepari wa Venisi kwa Kiswahili mwaka 1969, kakitafuteni maktaba. Nendeni kwenye mahakama. Shylock ananoa kisu. Tunajuaje? Kwa sababu Bassanio anamuuliza mbona unanoa kwa bidii hivyo. Portia anauliza kama mizani ya kupimia nyama ya mtu ipo. Ipo, Shylock kaja nayo. Anauliza kama kuna mganga wa kuzuia damu isimmalize mtu. Hayupo, maana kwenye hati hakuna kifungu hicho. Kisu kipo, mizani ipo, mganga hayupo. Maneno ya hakimu kuhusu huruma yanasemwa chuma kikiwa kimeshanolewa mbele ya macho yetu.

Shakespeare alikuwa mmoja wa kundi lenyewe lililocheza kazi zake, aliweza kuwaambia waigizaji ana kwa ana. Maelekezo mengi kayapenyeza ndani ya mazungumzo. Kwa hiyo hakukupunguzia kazi, ndugu yangu, kakuongezea. Wewe usiyesoma mabano yaliyoandikwa waziwazi, yaliyofichwa mdomoni utayaonea wapi?

Sasa tuje nyumbani, kwenye wahusika, maana hapo pia desa linaua. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969. Desa linasema: "Kinjeketile: jasiri, kiongozi, mzalendo." Namba moja, mbili, tatu. Hiyo ni barua ya kuomba kazi, mhusika hayumo humo! Kinjeketile wa Hussein anaingia mto Rufiji mbele ya watu, watu wanabaki hawajui kama yu hai, naye anarudi na neno la Hongo linalounganisha makabila. Kisha anatambua ndani ya neno hilo hilo kuna ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, na ananusa utumwa wa kubadilisha bwana. Anataka watu wangoje. Wapi! Neno limeshatoka, lina miguu yake. Kiongozi anaogopa maneno yake mwenyewe, na anaowaongoza wanamsukuma kwa maneno hayo hayo.

Mwisho kafungwa, Mjerumani anamtaka aseme maji yalikuwa uongo. Mtu huyu ana shaka na yale maji kuliko wengi wa waliopigana. Hata hivyo anakataa kusema, kwa ajili ya watoto watakaokuja kuambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana.

Hebu fikirini. Kila mtu aliyesoma shule Tanzania anajua Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliishaje. Risasi hazikugeuka maji. Hakuna anayekaa ukumbini akijiuliza nani atashinda. Mbona basi tunabana pumzi? Kwa sababu mtunzi kahamisha swali. Matokeo ya vita tunayajua. Tusichokijua ni mtu huyu atatumiaje mdomo wake akiwa kwenye minyororo. Taharuki ya namna hiyo huwezi kuipata kwa mhusika mwenye sifa tatu zinazokubaliana. Inataka mhusika mwenye mambo mawili yanayovutana ndani yake, tena yote mawili ya kweli.

Na kama bado mnabisha, nawaachia Samuel Beckett na Waiting for Godot, iliyochezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1953. Kila sehemu, na ziko mbili, inaisha kwa watu wawili kukubaliana waondoke. Mabano yanasema hawasogei. Futa mabano hayo, utakuwa na watu wawili walioondoka zao, na mtihani ukiuliza tamthiliya inahusu nini utaandika "safari".

Sisemi mwongozaji awe mtumwa wa mabano. Anaweza kubadili, ukumbi wetu wenyewe hauna hata pazia linalofungika vizuri. Ila anayebadili ni yule aliyesoma akajua anabadili nini. Aliyefutiwa habadili chochote, anabahatisha. Nendeni mkaangalie maonesho ya semista: watu wamesimama mstari kama gwaride, mikono ubavuni, wanarushiana sentensi. Hadhira inachat. Tunasema Watanzania hawapendi michezo ya jukwaani. Kwani wameonyeshwa?

Tena wengi wetu hapa ni walimu watarajiwa. Miaka miwili ijayo mtakuwa mbele ya kidato cha tatu Nachingwea au Kahama, na tamthiliya pekee watakayoipata watoto wale ni ile mtakayokuwa nayo kichwani. Ukienda na desa, unawarithisha desa. Watajua Nora ni "mwongo" na Kinjeketile ni "jasiri", na hawatajua kwa nini mtu mzima anaweza kulia kwa sababu ya mlango kufungwa.

Jaribuni hivi wikiendi hii. Fungueni tamthiliya yoyote mliyonayo, kitabu chenyewe, halafu someni mabano tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mazungumzo yaacheni kwanza. Nani anakaa mbali na nani, kitu gani kinawekwa mezani na hakiguswi, nani ananyamaza. Kisha rudini kwenye mazungumzo. Mkiona hakuna tofauti, njooni mnidai hela ya kopi.

Naishia hapa, nina semina saa 2 asubuhi na bado sijapiga pasi.