Kabla ya kuuliza risasi ipi, uliza nyuma ya nguruwe kuna nini

Leo naomba niweke pembeni mbolea na mnyauko wa migomba, tuongelee jambo ambalo vijana wengi mnaniuliza pembeni, kwa sauti ya chini: risasi.

Wiki iliyopita nilikuwa Kyebitembe, wilayani Muleba, kwa kijana mmoja anayelima mahindi na matikiti kibiashara. Usiku wa kuamkia siku hiyo nguruwe pori walikuwa wameingia, na karibu robo eka ya mahindi yenye mabunzi ilikuwa imelala chini. Mkopo wa kikundi chao unamsubiri, na marejesho hayajui nguruwe. Tukiwa bado tunakanyaga mabua yaliyovunjika, akatoa mfukoni risasi mbili za shotgun. Zote nyekundu, zote zimeandikwa 12, zote zimeandikwa SG.

"Bwana shamba, hii ni gramu 32, hii ni gramu 36. Ipi ni nzuri kwa nguruwe?"

Mimi ni mtu wa mimea, nina stashahada ya kilimo, sina cheti cha silaha. Ninachokijua nilikipata kwa marehemu baba mkubwa, aliyekuwa na shotgun ya mtutu mmoja yenye leseni, na kwa kuwauliza maofisa wanyamapori. Lakini swali hili naweza kulijibu, tena kwa hesabu ya darasani.

Goroli ya SG ina kipenyo cha milimita 8 na kidogo, na uzito wake ni kama gramu tatu na nusu. Gramu 32 zinakupa goroli 9. Gramu 36 zinakupa goroli 10. Basi, tofauti yote mnayobishania ni goroli moja! Na goroli hiyo unailipia begani, kwa sababu bunduki nyingi za mtutu mmoja ni nyepesi na zinapiga teke kweli. Mtu aliyeumizwa bega mara ya kwanza, mara ya pili anafumba macho kabla ya kufyatua.

Tofauti ya maana iko kwenye ukubwa wa goroli. Namba 5 ina goroli ndogo za milimita 2.8, kama 250 ndani ya gramu 32. Hiyo ni ya kwale na kanga. Ukimpiga nayo nguruwe unamjeruhi tu, na nguruwe pori aliyejeruhiwa kwenye kichaka ni hatari kwa yeyote atakayepita hapo asubuhi. AAA ziko katikati: milimita 5 na kidogo, kama goroli 39 kwenye gramu 32. Kwa nguruwe bado ni ndogo. SG ndiyo inayomfaa, lakini kwa umbali wa mita 25 hadi 30. Zaidi ya hapo zile goroli 9 zimeshatawanyika, zitakazompata ni moja au mbili, na umerudi kwenye nguruwe aliyejeruhiwa. Huo umbali hauongezeki kwa kununua gramu 36.

Sasa zipo risasi zinazofanana ambazo kuzichanganya kunaweza kukuua wewe mwenyewe, na hizo sijasikia mtu akiziulizia.

Ya kwanza ni namba 20. Namba hizi zinakwenda kinyume: 12 ni nene, 20 ni nyembamba. Ukiitumbukiza ya 20 kwenye shotgun ya 12, inateleza na kukwama mbele kidogo, ndani ya mtutu. Usiku, kwa haraka, unaona chemba iko tupu, unadhani hukuweka kitu, unaweka ya 12 nyuma yake. Ukifyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono ulioushikilia. Ndiyo maana viwanda hutumia ganda la njano kwa namba 20. Ukikuta ya njano ndani ya mfuko wa risasi za 12, itoe hapohapo.

Ya pili ni urefu. Shotgun nyingi za zamani zina chemba ya milimita 65 au 70. Zipo risasi za milimita 76, na zinaingia bila shida, kwa sababu kabla ya kufyatuliwa mdomo wa ganda umekunjwa. Ukifyatua, ganda linafunguka na kukosa nafasi, na shinikizo la gesi linapanda kupita kiasi. Soma kilichochongwa kwenye mtutu kabla ya kusoma kilichoandikwa kwenye boksi.

Baada ya kumweleza hayo yote, nilimuuliza yule kijana swali moja: nguruwe akisimama pale, nyuma yake kuna nini? Akageuka kutazama. Nyuma ya mahindi kuna migomba, na ndani ya migomba kuna nyumba tatu.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo, na najua wengine hamtaupenda. Kwa makadirio yanayotumika, goroli ya SG inaweza kwenda zaidi ya mita 600 kabla ya kuanguka. Hata hizo ndogo za namba 5 zinapita mita 200. Sisi huku Bukoba na Muleba nyumba zetu ziko ndani ya vibanja, na kibanja cha jirani kinaanzia kinapoishia changu. Jani la mgomba halizuii goroli. Kwenye rweya, mahali palipo wazi, mchana, unaona kilicho mbele na nyuma. Kibandani usiku huoni kitu.

Nilikuwa kidato cha pili baba mkubwa alipompiga ngedere kwenye kibanja chetu, Bukoba Vijijini. Alitumia AAA. Ngedere alikimbia. Goroli mbili zilitoboa ukuta wa jiko la jirani na kupasua chungu kilichokuwa mafigani. Mama mwenye jiko alikuwa ametoka dakika chache kwenda kuchukua kuni. Kesho yake baba mkubwa alikwenda na chungu kipya na kibuyu cha rubisi kuomba radhi. Walisameheana. Lakini mzee hakufyatua tena ndani ya kibanja mpaka anafariki, na sijawahi kumsikia akisema tatizo lilikuwa aina ya risasi.

Kuna na suala la sheria. Yule kijana hana leseni, mwenye leseni ni baba yake. Leseni ni ya mtu, si ya familia wala ya shamba. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitakuuliza mahindi yako yaliliwa kiasi gani. Zile risasi mbili tu mfukoni zilitosha kumtia matatani, na nilimwambia azirudishe kwa mzee kabla sijaondoka. Hata gobore la babu linahitaji kibali. Na ukimuua mnyama, hata kama ulikuwa unalinda mali, toa taarifa. Mkishagawana nyama, utetezi wa shamba umekwisha, mnaitwa majangili. Kumbukeni pia kwamba tangu mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kwa ninyi mnaolima upande huo, mlio wa bunduki usiku una maana nyingine kabisa.

Kijana alinijibu, "Bwana shamba, nguruwe hawasubiri vibali." Ni kweli, na sikumbishia. Hasara yake niliiona kwa macho, na anayesema wanyama waachwe tu hajalala njaa kwa ajili yao. Ila tuliangalia alama za kwato pamoja. Nguruwe waliingia sehemu moja, kwenye kichaka kilichogusana na mahindi. Tulikubaliana afyeke ukanda wa mita kumi hivi upande huo, achimbe mtaro pale wanapopita, na majirani wanne wenye mahindi wajenge kibanda kimoja cha kulinda kwa zamu, wawe na mbwa, tochi kali na debe la kupiga, tangu mahindi yanapoanza kubeba hadi kuvunwa. Msimu ujao wapande kwa wakati mmoja, ili shamba moja lisiwe mgahawa wa kijiji kizima, na pembeni waweke pilipili badala ya mahindi. Nguruwe wakizidi, waende pamoja kwa mtendaji wa kijiji, apelekewe taarifa afisa wanyamapori wa wilaya, ili msako ufanywe na wenye mamlaka, mchana, wakijua nyumba ziko wapi.

Hakufurahi sana. Alitaka jibu la gramu 32 au 36. Nami jibu ninalo: kama mzee mwenye leseni ndiye anayefyatua, mahali pa wazi, kwa mita 25, achukue 32 na bega lake litamshukuru. Kwa mahindi yale yaliyopakana na migomba yenye nyumba tatu, hakuna risasi ninayoweza kumshauri.

Wa Ngenge na Kasharunga, nimesikia nanyi mna kilio hichohicho. Jipangeni kwa zamu, mniite nije tutembee mpaka wa shamba pamoja. Tukutane shambani.