Majina ya watumwa yaliyosalia katika vitabu vya benki

Mmarekani mweusi anayefuatilia nasaba yake hukwama anapofika mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860 mwenye jina ni bwana. Walio chini yake wametajiwa umri, jinsia na rangi tu: mwanamke, miaka 30, mweusi. Mtoto wake huenda yumo ukurasa uleule, lakini hakuna kinachoonyesha kuwa ni wake.

Kuuvuka mwaka huo kunataka msaada, na ndiyo kazi ya vyama vya nasaba. Afro-American Historical and Genealogical Society kiliundwa Washington mwezi Mei 1977, miezi michache baada ya tamthilia ya Roots, iliyotokana na kitabu cha Alex Haley, kuonyeshwa kwenye televisheni. Mwanzilishi wake, James Dent Walker, alikuwa mtumishi wa Nyaraka za Taifa, kwa hiyo alijua makabrasha gani yafunguliwe. Mtafiti hulazimika kupekua hati za mirathi na za mauzo ya mashamba, kwa kuwa mtumwa alihesabiwa mali na jina lake hutokea palipoorodheshwa nyumbu na majembe. Ni kazi inayochoma moyo, lakini njia nyingine ni chache.

Kumbukumbu zilizo tajiri kuliko zote zilitoka mahali pasipotarajiwa: benki. Freedman's Savings Bank ilianzishwa mwaka 1865 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Ili amtambue mteja, karani alimuuliza alikozaliwa, bwana wake alikuwa nani, na majina ya wazazi, mwenzi, watoto na ndugu. Benki ilifilisika 1874 na wengi wakapoteza akiba zao, ila vitabu vilibaki na majina yapatayo 480,000. Faharasa yake ilitayarishwa kwa miaka 11 na wafungwa zaidi ya 550 waliojitolea katika gereza la jimbo la Utah, ikatolewa 2001.

Taasisi iliyosimamia kazi hiyo ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni. Chama chao cha nasaba, ambacho leo kinajulikana kama FamilySearch, kilianza 1894, kikaanza kupiga picha za nyaraka kwenye filamu ndogo 1938, na kikakusanya mikanda ipatayo milioni 2.4. Mikanda hiyo imehifadhiwa ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City. Sababu yake ni ya kidini: waumini hubatizwa kwa niaba ya wafu wao. Desturi hiyo ilizua mgogoro na Wayahudi, na mwaka 1995 kanisa likakubali kuacha kuwabatiza wahanga wa mauaji ya Wanazi wasio na jamaa kanisani. Hilo halipunguzi thamani ya kumbukumbu zenyewe. Mwaka 2015 na 2016 watu zaidi ya 25,000 walijitolea kunakili kumbukumbu za Freedmen's Bureau, idara ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru kwa chakula, shule, mikataba ya kazi na vyeti vya ndoa. Yakapatikana majina karibu milioni 1.8.

Huku kwetu karatasi zipo pia. UNESCO imeziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizoko Nyaraka za Taifa za Tanzania, mwaka 1997, na miswada na vitabu vya Kiarabu vya Zanzibar, 2003. Ila pwani shajara ya nasaba iliyoandikwa ilikuwa fahari ya masharifu na koo kubwa. Wajukuu wa watumwa mara nyingi walifichwa asili ili waoe na kuishi bila kunyanyapaliwa. Kwingineko barani nasaba imo vichwani mwa wazee, na FamilySearch hupeleka watu kuwarekodi katika nchi kadhaa za Afrika. Kabla mzee hajaanza kutaja vizazi, ukoo wake una haki ya kujua nakala itabaki kwa nani, nani ataruhusiwa kuisikiliza, na kama jina lililositiriwa kwa miaka mingi litaachwa lilivyo.