Risasi ya AK si ya kuwindia mboloko

Kila mara nikifika Omate kutafuta habari, wawindaji wananiambia neno moja: "AK haipigi bega." Wanasema kalibri 12 inakupiga teke mpaka bega linavimba, lakini AK imetulia, hata kijana wa miaka 16 anaifyatua bila shida. Basi risasi ya vita imegeuka risasi ya mboloko. Hiyo sababu ni ya uongo, na sisi wandishi wa habari tumeiacha ipite muda mrefu.

Tuanze na hilo bega. Ni kweli, risasi ya AK ina gramu 8 hivi, na kartushi ya kawaida ya kalibri 12 inarusha chembe za gramu 32 mpaka 36 mara moja. Ndiyo maana inapiga. Lakini nani alikulazimisha uchukue nzito? Kalibri 12 ina kartushi za gramu 28, hata 24. Kuna pia kalibri 16 na kalibri 20, ambazo kartushi zao ni nyepesi zaidi. Mboloko mwenyewe hafikishi kilo 10, na katika msitu wetu humuoni mbali, ni metre 20 ao 25 tu. Chembe ndogo zinamlaza pale pale.

Risasi ya vita imevikwa ganda gumu. Inamtoboa mnyama na kuendelea na safari. Mboloko anakimbia na kidonda, anaoza porini, hakuna aliyekula. Na ile risasi inaweza kuvuka kilometa nzima. Huko nyuma ya majani kuna mama anatoka shamba, kuna mchimbaji dhahabu anabeba mzigo wake. Bega lako limepona, lake je?

Sasa tuseme lile tunaloogopa kusema. AK haikuchaguliwa kwa sababu ya bega. Ilichaguliwa kwa sababu iko. Tangu vita vya 1996 silaha zimejaa Walikale na Masisi, na mwenye bunduki anaikopesha kwa hesabu: risasi tano, nusu ya nyama irudi kwake. Ukikosa nyama, una deni. Baba mmoja alinieleza, sauti chini, kwamba mtoto wake alianza hivyo, kwa deni la risasi tatu. Leo yuko porini na hawindi tena.

Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mei 1982 inakataza kuwinda na silaha za vita. Inajulikana, lakini mwindaji akiniuliza, "Ndugu mwandishi, hizo kartushi nyepesi ninunue wapi?", sina jibu. Hapo kosa si lake peke yake. Serkali inamkataza risasi moja bila kumuonyesha nyingine, na kibali cha bunduki ya kuwindia kinabaki hadithi ya mjini.

Ninawaomba wakubwa wa teritware, badala ya kutuletea mikutano ya uhamasisho, waseme wazi: kibali kinatolewa wapi, kwa bei gani, na kartushi za kalibri 16 na 20 zitauzwa na nani. Wakijibu, tutatangaza redioni siku hiyo hiyo.