Jedwali la Rangi Lisitudanganye

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya printa ya leza iliyoko ofisini.

Muhula huu tulipewa jedwali la rangi za kupimia tindikali, lililochapwa kwa printa hiyo. Tulifurahi, maana kijitabu cha asili ni kimoja tu katika maabara. Lakini ukiviweka viwili hivyo pamoja penye mwanga wa dirisha, waona namba 7, ambayo yapasa kuwa kijani, imeingia unjano hata yakaribia namba 6 ya kijitabu. Basi mwanafunzi apimaye maji ya pH 6 kwa jedwali letu atasema hayana tindikali.

Wako wasemao rangi ni rangi tu. Mimi sikubali, hasa hapa Nyamongo. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi yakaingia mto Tigithe. Mzazi akisikia kuwa mtoto wake amepima maji ya kisima, atauliza jibu, na huenda akalifuata. (Hata likiwa sahihi, pH haisemi lolote juu ya metali zilizoyeyuka majini, hizo zahitaji vipimo vingine.)

Printa nayo tusiilaumu bure. Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Printa huweka vitone vya unga wa rangi nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Hizo ni lugha mbili, na mkalimani wake ni faili liitwalo profaili ya rangi. Kwanza printa husawazishwa, ndipo huchapwa karatasi yenye miraba mia kadhaa ya rangi, pasipo kompyuta kusahihisha lolote. Kila mraba hupimwa kwa spektrofotomita, chombo kisomacho mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi. Kisha programu hulinganisha rangi iliyotakiwa na ile iliyotoka, ikaandika masahihisho. Iko programu iitwayo Argyll ifanyayo kazi hiyo bila malipo.

Profaili hiyo hufaa kwa printa ile, karatasi ile na tona ile tu. Ikitiwa tona ya namna nyingine, kazi huanza upya. Na karatasi zikiachwa wazi wakati wa masika hunywa unyevu, unga usishike sawasawa, bunda lifungwe.

Najua spektrofotomita ni ghali, na mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini fedha hiyo isinunue vitabu. Sisemi kila shule inunue. Shule kadhaa za Tarime na Serengeti zaweza kuchanga wakapata chombo kimoja kikazunguka, kwani printa moja haimalizi siku nzima. Mitihani na hati nyingine ziendelee kuchapwa kwa wino mweusi. Kijitabu cha asili nacho kitunzwe, maana zipo rangi ambazo printa haizifikii hata kwa profaili njema.

Hadi hapo, naomba walimu wetu wa sayansi wayakusanye majedwali yaliyogawiwa kabla hatujafunga shule, wasije wenzetu wakayachukua nyumbani kupimia visima wakati wa likizo.