Shirikisho la mashirika lianzie mtaani: barua ya wazi kutoka Eastlands

Kwa Mkurugenzi Mkuu na Bodi,
Mamlaka ya Kudhibiti Mashirika ya Manufaa kwa Umma,
Nairobi.

KUH: NAFASI YA VIKUNDI VYA MTAANI KATIKA SHIRIKISHO LA KITAIFA

Mheshimiwa,

Mimi ni katibu wa kikundi cha jamii hapa Eastlands. Ninawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawagusa watu wengi kuliko wanachama wa kikundi chetu: kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Kayole, Dandora, Huruma, Mathare na Mukuru. Sheria mnayoisimamia imeanzisha Shirikisho la Kitaifa, mwavuli wa mashirika yote ya manufaa kwa umma. Tunaomba mwavuli huo utufikie na sisi.

Sheria hiyo haikuja kwa urahisi. Rais Mwai Kibaki aliitia saini Januari 2013, nayo ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Kwa zaidi ya miaka kumi na moja ilikaa tu kabatini. Kabla mwaka 2013 haujaisha, ulipelekwa bungeni mswada wa kuyazuia mashirika yasipate zaidi ya asilimia 15 ya fedha zake kutoka nje, na Desemba mwaka huo wabunge wakaukataa. Oktoba 2016, Jaji Joseph Onguto wa Mahakama Kuu aliiagiza serikali ianze kuitekeleza sheria ndani ya siku 14. Siku hizo zikapita, na Mei 2017 mahakama ikasema kwamba amri yake imedharauliwa.

Ninayakumbusha haya kwa sababu yanaonyesha faida ya kuwa na chama. Hakuna shirika moja, hata liwe na wanasheria wangapi, ambalo lingeweza kubeba mzigo huo peke yake kwa muda wote huo. Mashirika yalikusanyika, yakasoma miswada kifungu kwa kifungu, yakaenda kortini, yakawafuata wabunge mpaka majimboni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vilivyokusanyika wakati huo vilikuwa zaidi vya mashirika yenye ofisi, magari na watumishi wa mshahara. Sisi wa mtaani tulisikia habari zikiwa zimeshapita.

Kisheria, nchi imetugawa mara mbili. Mashirika makubwa yako chini yenu. Vikundi kama chetu vinasajiliwa kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, inayotaka watu wasiopungua kumi, katiba ya kikundi na viongozi waliochaguliwa. Na sheria yenu inasema kwamba kikundi cha jamii ambacho malengo yake yanajumuisha kuwanufaisha wanachama wake moja kwa moja si shirika la manufaa kwa umma.

Hebu tuitazame kanuni hiyo ikitembea mtaani. Chukua vijana wanaozoa taka. Wanapita ploti kwa ploti na mkokoteni, kila nyumba inatoa pesa kidogo kwa mwezi, na kutokana na pesa hizo wanajilipa. Hayo ni manufaa ya wanachama, hakuna ubishi. Lakini vijana haohao ndio wanaozibua mtaro kabla ya mvua za Machi bila kulipwa na yeyote, ndio waliogeuza pahali pa kutupa taka pakawa uwanja wa watoto, na ndio wanaochangisha jirani akifiwa. Je, hawa ni wa manufaa yao au ya umma? Wakazi hawajawahi kuona haja ya kutenganisha. Maskini hawezi kuitumikia jamii mwaka mzima kwa tumbo tupu. Lazima kazi ya umma impe na yeye chakula. Sheria inayowataka vijana hawa wachague upande mmoja imeandikwa bila kuwaona.

Wala Eastlands haikuanza jana kujipanga. Shirika la Undugu lilianza mwaka 1973, Padre Arnold Grol alipowafuata watoto wa mitaani huku ambako wengine walikuwa wakiwakimbia. Mwaka 1987 kilianzishwa chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, ambacho timu zake zilipata pointi za ligi kwa kufanya usafi wa mtaa na si kwa mabao pekee. Mwaka 1996 wakazi wa mitaa ya mabanda waliochoshwa na kufurushwa waliunda Muungano wa Wanavijiji. Muungano huo ni shirikisho kwa maana kamili: vikundi vidogo vya kuweka akiba, kila kimoja na daftari lake, vikazungumza kwa sauti moja.

Na mfano ulio karibu zaidi na ombi letu ni Mukuru. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa. Makumi ya mashirika, vyuo na idara yaliketi pamoja kushughulikia maji, afya, ardhi na nyumba. Lakini kazi ilisimama kwa miguu ya wakazi wenyewe: nyumba kumi kumi zilimtoa mwakilishi, wawakilishi wakaunda kamati kubwa zaidi, hadi mtaa mzima wa zaidi ya familia laki moja ukawa na njia ya kusema neno likafika juu. Kama hilo liliwezekana Mukuru, ambako hata njia ya kupitisha mkokoteni ni shida, haliwezi kushindikana kwa Shirikisho la Kitaifa.

Kuna jambo jingine linaloharakisha haya. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi nchini ikafungwa ghafla, wahudumu wakaambiwa wasirudi kazini. Vikundi vya mtaani vilivyokuwa vikipata sehemu ndogo ya fedha hizo kupitia mashirika makubwa vilibaki na wagonjwa wale wale, wanafunzi wale wale, na mfuko mtupu. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba kinachobaki msaada ukiondoka ni watu wa mtaa na mpango wao. Mafuriko ya Aprili 2024 yalikuwa yameshatuonyesha hivyo: Mto Mathare ulipofurika usiku, wa kwanza kuingia majini walikuwa majirani.

Hatudai kwamba sisi ni malaika. Yapo mashirika ya mkobani, yanayoishi kwa mhuri na barua ya kuomba msaada, na viko vikundi ambavyo mweka hazina wake alitoroka na pesa. Lakini pia mje mwone mkutano wa kikundi kinachojiheshimu. Mweka hazina anafungua daftari la jalada gumu, anasoma jina kwa jina nani ameleta na nani hajaleta, kisha anapitisha simu yake ili kila mtu aone salio la M-Pesa. Asiyejua kusoma anasomewa na wa pembeni yake. Huo ni ukaguzi. Kinachokosekana ni mtu wa kutufundisha kuugeuza uwe hesabu ambayo mfadhili, benki au kaunti itaikubali, na hiyo ndiyo kazi ya chama cha wanachama.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, yote yanayohusu kanuni za kuitekeleza sheria hii na maamuzi yenu.

Kwanza, kanuni ziweke njia iliyo wazi kwa kikundi cha jamii kinachotumikia umma kupanda na kuwa shirika la manufaa kwa umma, na ada ziendane na mapato. Kikundi kinachoishi kwa michango ya shilingi hamsini hamsini kisilipe sawa na shirika lenye ofisi Westlands.

Pili, kila rasimu ya kanuni itoke kwa Kiswahili siku ile ile inapotoka kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Na vikao vya kukusanya maoni vije huku, Jumamosi au Jumapili alasiri, wakati mama wa kibanda na kijana wa mjengo wanaweza kufika. Ukumbi wa kijamii wa Kaloleni, uliokuwa jukwaa la wanasiasa wa kupigania uhuru, unatosha kabisa.

Tatu, sheria inawapa uwezo wa kutambua majukwaa ya mashirika kujisimamia. Mtambue pia majukwaa ya wadi na mitaa, ili mashirika madogo yakaguane yenyewe kwa yenyewe kabla mambo hayajaharibika, na kupitia hayo yaingie katika Shirikisho yakiwa na kura, si viti vya wageni waalikwa.

Nne, Shirikisho liachwe huru. Mlezi wake awe sheria, na wenye mali wawe wanachama. Ibara ya 36 inalinda haki ya kila mtu kuunda na kujiunga na chama. Chama kinachoogopa ofisi inayokisajili hakiwezi kumtetea mwanachama wake siku ya shida.

Na kwenu wenzetu wa mashirika makubwa, ambao barua hii itawafikia pia: mlipokuwa mkipigania sheria hii mlisema mnazungumza kwa niaba yetu. Tunawashukuru kwa dhati. Sasa tengenezeni nafasi mezani ili tuzungumze wenyewe.

Mheshimiwa, taja siku. Sisi tutautafuta ukumbi, tutapanga viti, na tutafika na madaftari yetu.

Wako katika kuitumikia jamii,

Katibu wa kikundi cha jamii,
Eastlands, Nairobi.

Nakala: Viongozi wa mashirika ya manufaa kwa umma, Wawakilishi wadi wa Eastlands.