Fukuto la Pwani na kiti mwendo: Joto lasahaulika viti vinapogawiwa

Na Mwandishi Wetu

MIEZI ya kaskazi inapoingia, kati ya Desemba na Machi, wakazi wa Miono na vijiji vya jirani huyapanga maisha yao kwa kufuata kivuli. Shamba hulimwa alfajiri, mchana watu hujipumzisha chini ya miembe na mikorosho, na jua likipungua makali shughuli hurejea. Utaratibu huo umewawezesha watu wa Pwani kuishi na fukuto kwa vizazi vingi. Hata hivyo, unamtaka mtu awe na uwezo wa kunyanyuka na kuhama pale kivuli kinapohama, uwezo ambao mtumiaji wa kiti mwendo hana mpaka apatikane wa kumsukuma.

Miono ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, katika njia itokayo Mandera kuelekea Saadani. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za vijijini mkoani Pwani, njia za mitaani ni za udongo na mchanga, na fundi aliye karibu ni wa baiskeli au wa kuchomelea vyuma. Katika mazingira hayo kiti mwendo mara nyingi huja kama msaada: hafla huandaliwa, mgeni rasmi hukabidhi, picha hupigwa. Ni nadra kuulizwa iwapo kiti hicho kinamfaa mtu atakayekikalia kutwa nzima katika joto lenye unyevu.

Swali hilo halihusu starehe tu. Kwa baadhi ya watumiaji wa viti mwendo, joto ni suala la uhai.

Mwili usiotoa jasho

Binadamu hujipoza kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni damu kupelekwa karibu na ngozi, na ya pili ni jasho kukauka. Kila gramu ya jasho inayokauka huondoka na takriban jouli 2,400 za joto. Kazi zote mbili huendeshwa na mishipa ya fahamu inayopita katika uti wa mgongo.

Uti huo ukijeruhiwa, iwe kwa kuanguka kutoka juu ya mnazi au kwa ajali ya pikipiki, sehemu ya mwili iliyo chini ya jeraha hupoteza uwezo wa kutoa jasho ipasavyo. Jeraha likiwa shingoni au sehemu ya juu ya kifua, karibu mwili wote huathirika, na joto la mwili huanza kufuata joto la hewa. Mtu wa namna hiyo anaweza kupandwa na joto akiwa amekaa kimya tu. Katika eneo lenye malaria, hali hiyo ni rahisi kudhaniwa kuwa homa ya malaria. Kupima malaria ni lazima, lakini kumhamishia mgonjwa penye upepo na kumpangusa kwa maji nako kusisubiri majibu ya maabara.

Ikumbukwe kwamba watumiaji wote wa viti mwendo hawalingani. Aliyepooza miguu kwa ugonjwa wa polio kwa kawaida hutoa jasho na husikia maumivu kama watu wengine. Mzee aliyepata kiharusi, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kusema kwamba ana kiu, ana mahitaji mengine. Kiti cha aina moja kwa wote hakiwezi kuyatimiza mahitaji hayo.

Jambo la pili ni ngozi. Mtu anayekaa muda mrefu bila kujigeuza hubana mishipa ya damu ya makalio. Ngozi ikipata joto, mahitaji yake ya chakula na hewa huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila nyuzi moja ya joto, ilhali damu iliyobanwa haifiki. Unyevu nao huilainisha ngozi ikachubuka kwa urahisi. Matokeo yake ni vidonda vya mgandamizo, ambavyo asiyesikia maumivu huvigundua vikiwa vimeshachimba. Kidonda cha aina hiyo kinaweza kufika mfupani, kikaingiza vijidudu katika damu na kuua.

Kiti cha kwenye korido

Kiti cha kukunja kinachoonekana zaidi katika misaada kina asili ya hospitali. Kilikusudiwa kumhamisha mgonjwa kutoka wodi moja hadi nyingine, juu ya sakafu laini na kwa dakika chache. Kitako na mgongo wake ni vya plastiki nzito, mara nyingi nyeusi, isiyopitisha hewa. Kikiachwa juani, plastiki na chuma chake huweza kumuunguza mtu asiyesikia miguu yake bila yeye kutambua.

Tanzania si ngeni katika jitihada za kurekebisha hali hiyo. Chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichopo Moshi katika eneo la Hospitali ya KCMC, kilianzishwa mwaka 1981. Baadaye kilishirikiana na shirika la Motivation la Uingereza kufundisha mafundi wa viti mwendo kutoka nchi mbalimbali. Motivation ilianzishwa mwaka 1991, na mmoja wa waanzilishi wake, David Constantine, mwenyewe ni mtumiaji wa kiti mwendo. Miongoni mwa kazi zake ni kiti cha magurudumu matatu, chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali ili kisizame wala kupinduka katika njia mbovu.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa utoaji wa viti mwendo katika nchi zenye uwezo mdogo. Mwongozo huo ulieleza hatua nane, zikiwamo kumpima mtumiaji, kukirekebisha kiti kimkae sawasawa, kumfundisha kukitumia, na kufuatilia matengenezo. Hafla ya kukabidhi haimo katika hatua hizo.

Ubunifu ulio karibu

Sehemu kubwa ya ufumbuzi inaweza kufanywa na fundi wa kijijini akielekezwa vizuri. Kitambaa cha mgongo kinaweza kubadilishwa, plastiki ikatolewa na turubai la pamba la rangi nyeupe au wavu imara ukawekwa. Mto wa sponji unaweza kuchongwa mifereji ya kupitisha hewa na kuvishwa foronya ya pamba inayofulika, zikiwa mbili ili moja ivaliwe nyingine ikiwa kambani.

Hapa busara ya Pwani ina la kufundisha, lakini kwa tahadhari. Kitanda cha kamba hupitisha hewa kuliko godoro lolote, na ufumaji wa aina hiyo unafaa kwa mgongo wa kiti. Haufai kwa kitako bila mto juu yake, kwa kuwa kamba hubana ngozi mahali pale pale ambapo vidonda huanzia. Aidha, mito yenye maji au mafuta mazito ndani yake huwa ya baridi mwanzoni, lakini ikisahaulika juani hutunza joto kwa muda mrefu.

Kivuli cha kudumu nacho ni muhimu. Bomba fupi likichomelewa nyuma ya kiti linaweza kushika mwavuli au kipande cha turubai, mradi kiwe kidogo na cha kuondolewa haraka ili upepo wa kaskazi usikipindue kiti. Chuma cha kusukumia magurudumu kikizungushiwa kitambaa hakiunguzi viganja.

Kwa asiyetoa jasho, maji ya kunyunyizia hufanya kazi ambayo jasho lingeifanya. Tatizo la Pwani ni kwamba hewa imejaa unyevu, hivyo maji hukauka polepole kuliko Dodoma. Kwa sababu hiyo kitambaa kibichi peke yake hakitoshi. Lazima hewa itembee, iwe kwa upepo, pepeo la ukili au feni. WHO hutahadharisha kuhusu feni joto linapozidi nyuzi 40, kiwango ambacho ukanda huu kwa kawaida haukifikii.

Nyumba pia ni sehemu ya kifaa. Dirisha lililo juu humpepea aliyesimama na kumwacha aliyekaa. Bati lisilo na dari humwagia joto la mchana waliomo ndani, wakati makuti huzuia sehemu kubwa ya joto hilo. Baraza lenye mteremko mahali pa ngazi humpa mtumiaji wa kiti uhuru wa kutoka mwenyewe kufuata upepo.

Maji, choo na aibu

Yapo mambo ambayo kiti kizuri hakiwezi kuyatatua. Watu wengi wanaotumia viti mwendo hupunguza kunywa maji kwa makusudi kwa sababu choo hakifikiki: mlango mwembamba, kizingiti kirefu, tundu lisilo na pa kukalia. Wanawake na wasichana huumia zaidi, kwa kuwa kubebwa kwenda chooni huwavunjia heshima. Mtu anayejinyima maji katika fukuto hujiweka katika hatari ya kuzidiwa na joto na ya maambukizi ya njia ya mkojo. Kupanua mlango wa choo, basi, ni sehemu ya kupambana na joto.

Sheria na mgawo

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya 2010. Ibara ya 20 ya mkataba huo inazitaka nchi kurahisisha upatikanaji wa vifaa bora vya kujongea kwa gharama nafuu, na kuwahimiza watengenezaji kuzingatia mahitaji yote ya watumiaji. Joto la Pwani ni mojawapo.

Mahitaji hayo si madogo. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa asilimia 7.8 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na zaidi walikuwa na ulemavu. Sensa ya 2022 ilitoa asilimia 11.2. Duniani, ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na karibu bilioni moja kati yao hawakipati. Wakati huohuo joto linapanda: Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kuwa 2024 ulikuwa mwaka wa joto kali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa.

Halmashauri zina nyenzo mkononi. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, asilimia mbili ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni ya kujiajiri, na kushona mito, foronya na vivuli vya viti ni ajira halali ambayo watumiaji wenyewe wanaijua kuliko fundi yeyote.

Wafadhili nao wanaweza kuwekewa sharti jepesi: kabla kiti hakijakabidhiwa, ijulikane mtumiaji atakaa wapi mchana, kama anatoa jasho na kusikia maumivu, na ni nani atakayekitengeneza kikiharibika. Vituo vya afya vya kata vinaweza kuandika majibu hayo katika kadi ya mgonjwa. Kiti kinachotolewa bila majibu hayo kinaweza kumrudisha mtu hospitalini akiwa na kidonda, na gharama ya kumuuguza ikawa kubwa kuliko ya kitambaa cha pamba na kipande cha sponji ambavyo vingemkinga.